Fumbo Aliloliacha Fundi wa Mizani

Imetufikia kutoka kwa wapokezi wa habari za waja wema, na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja mdogo baina ya Basra na Wasiti palikuwa na fundi wa mizani aitwaye Mundhiri bin Sawadi. Alikuwa mtu mchamungu, mwenye kuchunga swala zake na ulimi wake. Aliogopa kumpunja mtu hata punje ya mtama. Siku moja aligundua kwamba mizani aliyokwisha kuiuza imepinda kidogo, akafunga duka, akamfuata mnunuzi hadi kijiji cha pili ili ambadilishie. Mtu wa namna hiyo, ndugu yangu, Ibilisi hapotezi muda kumjia kwa wizi wala kwa ulevi. Humtafutia udhaifu wake mwenyewe, na udhaifu wa Mundhiri ulikuwa huu: hakuweza kustahamili jambo asilolijua jawabu lake.

Katika mji huo aliishi Sheikh Abu Wahbi, mgawaji wa mirathi, mzee aliyeaminiwa na wajane na mayatima. Sheikh alikuwa akisema kwamba mwenye kugawa haki za watu hana budi kuinoa akili yake, na kwamba hakuna ubaya kuinoa kwa mchezo wa halali. Basi kila Alhamisi baada ya Alasiri watu walikusanyika barazani kwake, wakanyweshwa maji ya zabibu katika vikombe vya udongo, kisha Sheikh akawatolea fumbo. Ni haya haya ambayo sisi leo tunayaita chemsha bongo. Mtu ana mbwa mwitu, mbuzi na mzigo wa majani, na mashua yake haichukui zaidi ya kimoja. Atavukaje mto bila mmoja kumla mwenzake? Aliyepata jawabu alimnong'oneza Sheikh sikioni, akarudi mahali pake akitabasamu, na wengine wakaendelea kukuna vichwa.

Palikuwa na adabu moja katika baraza ile. Mtu akiwa amekwisha kulisikia fumbo kabla, hufunika kikombe chake juu ya mkeka, na siku hiyo huwa mtazamaji tu. Hakuna aliyemkagua. Ilikuwa ni baina yake na Mola wake.

Mundhiri aliipenda Alhamisi kuliko siku zote za wiki. Kwa miaka mingi hapakuwa na wa kumfikia, mpaka alipohamia mjini Ghassani bin Rabahi, mwalimu wa hesabu kutoka nchi za mashariki. Alikuwa mtu mkimya, aliyezoea kuchora kwa kidole juu ya mkeka huku ameinamisha kichwa. Wiki yake ya kwanza tu, Sheikh aliuliza: lulu tisa za sura moja, moja kati yake ni nyepesi, itajulikanaje kwa kupima mara mbili tu? Kabla Mundhiri hajakaa vizuri, Ghassani alikwisha kumnong'oneza Sheikh: pima tatu kwa tatu, nyepesi itakuwa upande ulioinuka, au katika tatu ulizoziacha, kisha katika hizo tatu, pima moja kwa moja. Baraza nzima ikaangua kicheko. "Leo fundi wa mizani kashindwa na mizani!" akasema mmoja wao. Mundhiri naye akacheka, lakini kicheko chake hakikufika mbali.

Tangu siku hiyo akaanza kumtazama mgeni yule. Akaona jambo ambalo, kwa maoni yake, wengine wote walikuwa vipofu nalo: Ghassani hakuwahi kufunika kikombe. Hata mara moja! Mtu aliyezunguka miji yote ile, aliyekaa na wanahesabu wa kila nchi, hajawahi kulisikia fumbo hata moja? Yeye Mundhiri, ambaye hajavuka Wasiti, alikuwa amefunika mara kadhaa. Basi ama mtu huyu ni malaika, ama anaficha.

Kisha likaja la pili. Duka la Mundhiri lilitazamana na kichochoro kinachopita nyuma ya nyumba ya Sheikh. Alhamisi moja, baada ya Adhuhuri, alimwona Ghassani akiingia kwa mlango wa nyuma, kitu amekifunika kwa kitambaa. Akatoka baada ya kitambo, kitambaa kimekunjwa mkononi, akatazama huku na huku, akaenda zake. Alhamisi iliyofuata, vivyo hivyo. Na iliyofuata tena.

Mundhiri akaweka chini tupa aliyokuwa akilainishia shaba. "Naam," akajisemea, "sasa lulu nyepesi imejulikana."

Aliunganisha mambo kama alivyozoea kuunganisha sehemu za fumbo. Sheikh huandaa mafumbo yake Alhamisi asubuhi, na huyasema kwa sauti akiwa peke yake, hilo linajulikana. Ndani ya nyumba kuna mtumishi. Ghassani huingia na kitu, hutoka na kitambaa kitupu. Zawadi inaingia, jawabu linatoka. Kila kipande kilikaa mahali pake, na hilo ndilo lililomtia uhakika. Hakujiuliza kama palikuwa na njia nyingine ya kuvipanga vipande vile vile.

Jambo lenyewe lingeishia kuwa mchezo, lau si habari moja. Macho ya Sheikh yalikuwa yanafifia, naye alitangaza kwamba kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani atamtaja atakayeshika kazi yake ya kugawa mirathi. Kila mtu alijua ni mmoja wa wawili: Mundhiri au Ghassani. "Mtu anayeiba jawabu la mchezo," Mundhiri alimwambia mkewe, "ataacha kuiba fungu la yatima?"

Mkewe, Bi Raita, alikuwa akichambua adesi. "Abu Lubaba," akasema, akimwita mumewe kwa jina lake la heshima, "ni yatima wanaokukosesha usingizi, au ni zile lulu?"

Maneno yale yalimchoma, na kwa kuwa yalimchoma aliyaona ni ya dhuluma. Lakini kuanzia hapo hakuwa na raha tena. Alisimama katika swala, ulimi unasoma na moyo uko kichochoroni. Akaanza kumshuku mtumishi, kisha akamshuku muuza maziwa aliyesimama mno mlangoni pale, kisha, Mungu amsamehe, akamshuku Sheikh mwenyewe: pengine mzee amekwisha kumchagua mtu wake, na baraza yote ni pazia. Mafumbo aliyoyapenda tangu utotoni yakawa machungu kinywani mwake. Alhamisi hakuwa tena akitafuta jawabu. Alikuwa akimtafuta mwizi.

Ndipo alipotega mtego. Aliwaendea wazee wawili waadilifu, akawaambia: "Alhamisi hii nitatoa fumbo mimi. Jawabu lake ni siku nane. Ghassani akijibu siku kumi, jawabu la uongo nitakalomsikilizisha, basi ameiba, nanyi mtakuwa mashahidi." Wazee hawakufurahi, lakini walimjua Mundhiri kuwa ni mkweli, wakakubali. Na kila mmoja alijua maana yake. Mtu akithibitishwa hiana mbele ya mashahidi wawili katika baraza ya mgawaji wa mirathi, ushahidi wake haupokelewi tena mjini, hapewi watoto wa watu kuwafundisha, na hana la kufanya ila kufunga mizigo yake.

Alhamisi ilipofika, kabla ya Adhuhuri, Mundhiri alimvizia Ghassani anapokuja kutawadha kwenye birika la msikiti. Alisimama nyuma ya ukuta wa birika pamoja na rafiki yake Shaqiqi, akasema kwa sauti ya mtu anayedhani yuko peke yake na mwenzake: "Sikiliza fumbo langu la leo. Konokono yuko chini ya kisima cha dhiraa kumi. Mchana hupanda dhiraa tatu, usiku huteleza dhiraa mbili. Atatoka siku ya ngapi? Jawabu ni siku ya kumi, lakini nyamaza, usimwambie mtu." Upande wa pili maji yalikuwa yakichuruzika. Halafu yakakoma.

Mundhiri akatabasamu. Mtego wake ulikuwa mzuri, kwani wengi hukimbilia kumi: wanaona kila siku anapata dhiraa moja, wakasahau kwamba siku atakayofika ukingoni hatateleza tena.

Baada ya Alasiri baraza ilijaa. Sheikh alimruhusu, Mundhiri akatoa fumbo lake. Wale wazee wawili walikaa vichwa wameviinamisha. Watu wakaanza kuhesabu kwa vidole. Macho ya Mundhiri yalikuwa kwa mtu mmoja tu.

Ghassani aliweka kidole juu ya mkeka kama kawaida yake. Kisha akakiondoa. Akanywa maji ya zabibu yaliyobaki, akakifunika kikombe chake mbele ya watu wote.

Mnong'ono ukapita barazani. "Ghassani!" akasema Sheikh kwa mshangao. "Leo ndiyo mara yako ya kwanza. Umelisikia wapi?"

"Kwa mwenye fumbo mwenyewe, ya Sheikh," akajibu. "Nilikuwa natawadha, naye alikuwa nyuma ya ukuta. Sikukusudia kusikiliza, na nilipotambua ni nini, lilikuwa limekwisha kuingia masikioni."

Shaqiqi, aliyetaka kumwokoa rafiki yake, akauliza upesi: "Na jawabu, ulilisikia pia?"

"Nililisikia."

"Basi litaje!"

"Si haki yangu kulitaja," akasema Ghassani, "na wenzangu bado wanafikiri."

Haukupita muda, kijana mmoja muuza vitambaa akainuka akamnong'oneza Sheikh. Sheikh akamgeukia Mundhiri: "Huyu anasema siku ya nane. Jioni ya siku ya saba yupo dhiraa ya tisa, huteleza hadi ya saba, na siku ya nane hupanda tatu akatoka. Je, amepata?"

"Amepata," akasema Mundhiri.

Ghassani aliinua kichwa. Alikuwa amesikia kwa masikio yake mawili mwenye fumbo akisema kumi, na sasa mwenye fumbo yule yule anakubali nane. Akamtazama Mundhiri, akawatazama wale wazee wawili wasioweza kumtazama, na Mundhiri akaona wazi kwamba mtu yule mwepesi wa kufumbua amelifumbua na hili pia. Neno moja tu lingetosha kumfedhehesha fundi wa mizani mbele ya mji mzima. Ghassani akainamisha kichwa chake, akakigusa kikombe chake kilichofunikwa, akanyamaza.

Wapokezi wanasema Mundhiri hakupata kuonja maishani mwake uchungu kama wa kunyamaziwa kule. Angeweza kwenda nyumbani salama. Wazee wale wasingesema, Shaqiqi asingesema, na yule aliyedhulumiwa alikwisha kuchagua kumsitiri. Hata ile kazi ya mirathi ilikuwa bado inawezekana kuwa yake.

Mundhiri akasimama.

"Ya Sheikh," akasema, "fumbo langu lilikuwa mtego. Nilimsikilizisha Ghassani jawabu la uongo kwa makusudi, ili alitaje nimwite mwizi. Nimemchunguza kwa miezi. Nimemdhania mtumishi wako vibaya, na wewe pia nimekudhania. Nilijiambia ninawalinda mayatima, na wallahi nilikuwa ninalinda nafasi yangu kwenye mkeka huu. Mtu asiyeweza kumpima jirani yake kwa haki hafai kugawa haki za watu. Mpe kazi huyu."

Akaenda akapiga magoti mbele ya Ghassani, machozi yakimtoka bila kificho, akamwomba msamaha. Ghassani akamwinua kwa mikono miwili. "Nimekusamehe, Abu Lubaba, na Mungu anasamehe zaidi," akasema. Kisha akamsogelea sikioni, kama watu walivyozoea kumnong'oneza Sheikh: "Duka lako linatazamana na kichochoro. Najua umeniona nikiingia kwa mlango wa nyuma. Ngoja nikueleze ninachokwenda kufanya, roho yako itulie."

Enyi ndugu, huu ndio uliokuwa mtihani wenyewe. Lile la kuungama hadharani lilikuwa zito, lakini hili lilikuwa zito zaidi kwa mtu aliyeumbwa kama Mundhiri. Jawabu lilikuwa umbali wa pumzi moja, na lilikuwa halali, kwani mwenyewe alikuwa akimpa kwa ridhaa. Alitamani kulisikia kama mwenye kiu anavyotamani maji. Akafumba macho.

"Usiniambie," akasema. "Nikikuamini baada ya kuelezwa, nitakuwa nimeyaamini maelezo. Mimi nataka kukuamini wewe."

Ghassani akashika kazi ya mirathi, akaifanya kwa uadilifu mpaka akafa. Na mpaka alipokufa, kila Alhamisi baada ya Adhuhuri aliendelea kuingia kwa mlango ule, kitambaa mkononi. Lakini Mundhiri hakumwona tena. Siku iliyofuata kisa kile aliingia dukani, akaliinua benchi lake la kazi, akaligeuza ili mgongo wake uelekee kichochoroni. Mwanga wa mchana ulikuja kwa upande mbaya tangu siku hiyo, akawa anainama zaidi akipiga tupa, na hakulirudisha. Walipomzika Ghassani, mtumishi wa Sheikh alimjia Mundhiri makaburini, akamwambia, "Sasa naweza kukueleza, bwana wangu." Mundhiri akamshika mkono, akamshukuru, akamwomba wamsomee maiti Fatiha.

Nami najua, ewe msomaji, utaniuliza: kulikuwa na nini chini ya kitambaa kile? Waliosimulia kisa hiki hawakusema, na mimi sikuwauliza. Ukihisi moyoni mwako sasa hivi kitu kinachokuwasha, kinachokataa kutulia mpaka ujue, basi ujue kwamba ndicho hicho hicho kilichomsimamisha mtu mwema nyuma ya ukuta wa birika. Geuza benchi lako. Mola atusitirie aibu zetu, na atupe macho ya kutazama heri ya wenzetu, amin.