Waliomtibu Mwalimu wa Kwaya

Palikuwa na mwalimu wa kwaya mmoja, ndugu zangu, mtu wa kazi hasa. Kinanda hawakuwa nacho. Sauti zote nne alizifundisha kwa koo lake mwenyewe, anawapandia soprano, anashuka mpaka besi. Baada ya Krismasi sauti ikaanza kukwaruza. Akajiambia, uchovu tu huu.

Wanakwaya walimpenda, na wakamtibu. Mama mmoja wa alto akaleta tangawizi na limau. Mzee wa besi akatoa mfukoni vidonge vilivyobaki alipougua kifua.

"Meza viwili asubuhi, viwili jioni, mwalimu. Mimi siku ya tatu tu nilikuwa mzima."

Akameza. Mwingine akamletea mafuta ya taa asukutue. Akasukutua! Na wewe ungemkatalia ndugu yako? Tena mwenyewe aliogopa. Hospitali wangemwambia anyamaze, na Pasaka hiyo inakuja.

Pasaka ikaimbwa, yeye akifundisha kwa kunong'ona. Alipotema damu ndipo akaenda hospitali, peke yake. Daktari akamchungulia kooni.

"Sauti imekauka tangu lini, mzee?"

"Tangu Januari."

"Ikipita wiki tatu mtu anatakiwa aje tumwangalie. Hii ni saratani, na imeshakuwa kubwa. Itabidi tuondoe kisanduku chote cha sauti."

"Nitaimba tena?"

"Hapana, mzee wangu. Tunapigania uishi." Kisha, alipoelezwa habari za vidonge na mafuta ya taa, akauliza, "Hizo dawa zote alikuandikia nani?"

Mwalimu akainamisha kichwa, machozi yanamtoka. "Kwaya," akanong'ona.

Mnaguna? Ngojeni kwanza. Ni nani humu ndani hana vidonge nusu kabatini, anamsubiri tu wa kumpa? Mtoto wa jirani anavuja usaha sikioni, nasi tunapasha mafuta tumtie. Ni sisi hao! Watu arobaini walimpenda yule mwalimu, na hakuna hata mmoja aliyemwambia, "Vaa viatu, nakupeleka, nitakaa nawe kwenye benchi mpaka uitwe." Tangawizi ilikuwa rahisi zaidi. Inaniuma kusema hivi, lakini upendo wetu ulimchelewesha.

Sasa wewe uliyekaa kule nyuma, ambaye sauti imekukauka tangu mwezi juzi, nakuona. Na ninyi mliokaa kushoto na kulia kwake, mnamjua. Kesho saa moja asubuhi nawasubiri watatu hapo mlangoni. Twende wote.