Soksi Sita za Bwana Fisi

— Paukwa!
— Pakawa.
— Pakawa na nini?
— Na baridi.
— Baridi ya wapi?
— Ya mlimani, ing'atayo vidole.
— Na mwenye vidole?
— Avivike.

Haya, vivikeni, na msinichezeshee miguu hapo nyuma.

Hapo kale, kwenye mbavu za mlima, aliishi Bi Pimbi na wanawe watatu. Pimbi ni mnyama mdogo, mfupi kama mkate, hana hata mkia wa kujifunikia. Siku moja mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye majani, na masika yalikuwa bado hayajaanza. Bi Pimbi akakaa. Akainuka. Akachungulia nje. Akakaa tena. Mwanawe mdogo akakohoa, kho kho, naye akainuka tena.

Alikuwa na sababu. Juu mlimani palikuwa na pango moja tu lenye joto, maana maji ya moto yalipita chini ya sakafu yake. Na pango hilo lilikuwa na desturi. Tone la kwanza la masika likianguka, ndipo wanyama huanza kupanda. Atakayetangulia kuvua makubazi yake na kuyaanika juu ya jiwe la mlangoni, yote manne, mazima, bila kukatwa kamba, pango ni lake mpaka mvua ziishe. Kunguru ndiye mlinzi wa jiwe.

Mwaka uliopita pango alilichukua Fisi, kwa sababu ya miguu yake mirefu. Akalala peke yake mahali pa kulala familia kumi, na mwana wa Pimbi akakohoa masika yote chini ya jabali. Bi Pimbi aliogopa. Alijua kifua kile hakitavumilia masika mengine nje.

Basi mwaka huu alijiandaa. Kila mguu aliuvika soksi mbili: ya ndani sufu nyembamba, ya juu sufu nzito. Kisha makubazi ya tairi, akayafunga kwa fundo la kuvuta. Alikuwa akizungukazunguka kuyajaribu, tiki tiki tiki, Fisi alipoingiza kichwa mlangoni. Hodi hakupiga.

"Bi Pimbi, hizo miguuni ni nini?"

"Soksi, Bwana Fisi. Mbili mbili. Ukivaa moja, baridi inapita. Ukivaa mbili, baridi inapotea njia hapo katikati."

Fisi akatazama makubazi yake, yaliyovaliwa bila soksi. Mwaka uliopita vidole vyake viliganda mpaka akachechemea pangoni mwake siku tatu.

"Zivue," akasema.

Moyo wa Pimbi ukapiga pu! Akakaa. Akainuka.

"Nitavua, bwana wangu, mnyonge hana haki. Ila hizi za sufu zinawasha, mimi nimeshazoea kujikuna. Kapuni mle nina za pamba, laini, zilizodondoshwa na wapanda mlima. Lakini nakuomba, usizimalize. Mbili zinakutosha."

Hapo ndipo Bi Pimbi alipomshika. Nani alishawahi kumwambia Fisi kwamba mbili zinatosha?

"Kama mbili zinaipoteza baridi, tatu je?"

"Tatu zinaifukuza."

"Na nne?"

"Nne, inahama mlima."

"Na sita?"

"Sita sijapata kuona, bwana. Mimi sina miguu ya kifalme."

Fisi akavaa sita. Kila mguu soksi sita, na miguu ni minne, hesabu fanyeni wenyewe. Miguu ikanenepa kama mafenesi. Kwa tumbo lile, kuinama kufunga kamba hakuweza.

"Nifunge wewe," akaamuru.

Bi Pimbi akashika kamba za mkonge, akavuta.

"Nikaze?"

"Kaza."

"Nikaze tena?"

"Kaza, yasije yakanivuka njiani."

Akakaza. Fundo juu ya fundo, na fundo la tatu la kuyalinda mawili.

Ndo! Tone likaanguka. Ndo, ndo, ndo.

Fisi akatoka mbio, bwata bwata bwata. Pimbi nyuma yake, tiki tiki tiki. Maji yakaingia kwenye soksi za Pimbi, yakatoka. Sufu ililowa, lakini joto likabaki. Maji yakaingia kwenye soksi za Fisi, yakakuta pamba sita, yakafanya makazi. Kila mguu ukawa ndoo. Hata hivyo miguu mirefu ni mirefu tu, na Bi Pimbi akauona mkia wa Fisi ukipotea kwenye ukungu. Roho ikamdunda. Je, mafundo yakifunguka? Je, mkonge ukikatika wenyewe? Hakukaa, hapakuwa na pa kukaa. Tiki tiki tiki.

Alipofika, Fisi alikuwa amefika kitambo. Alikuwa mbele ya jiwe, amejikunja, anahema, anaguguna fundo. Mkonge ukilowa hujikaza, kila mfunga mbuzi analijua hilo, na pamba nayo ilikuwa imevimba. Vidole vyake viliganda ndani ya soksi sita. Akapanua taya ili akate kamba.

"Mazima, Bwana Fisi," Kunguru akasema. "Na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inama zaidi."

Fisi akageuka. "Bi Pimbi, ulifunga wewe. Njoo unifungulie."

"Nakuja, bwana wangu. Acha kwanza nivue yangu, nisije nikakupaka tope."

Akavuta kamba, akavua, akaanika juu ya jiwe. Pap. Pap. Pap. Pap.

"Manne," Kunguru akasema.

Kisha Bi Pimbi akamfungulia Fisi kama alivyoahidi. Kazi hiyo ilimchukua mpaka jioni. Akashuka, akawaleta wanawe, na siku ya nne kikohozi kikaisha. Usiku huo Bi Pimbi akakaa. Hakuinuka.

Mafunzo, maana najua mtayadai: wanangu, hila haifai. Mtazameni Bi Pimbi. Alimzunguka mkubwa wake, na adhabu anaitumikia: amebanwa ndani ya pango la moto, watoto watatu wanene wamemlalia, hana hata pa kugeukia. Naye Fisi, aliyesema kweli tupu tangu mwanzo hadi mwisho, yuko huru nje, kwenye mvua.

Hadithi yangu nimeivua hapa, nimeianika. Ikikauka ni yenu, ikibaki mbichi ni yangu.