Namba ya Siri ya Somoe

Meneja Chilumba wa kiwanda cha korosho aliwakusanya wabanguaji, kitambi mbele, akawatangazia kwamba wezi na wadukuzi wanazinyemelea simu zao. Kila asubuhi wangemkabidhi simu azifungie kabatini, pamoja na namba za siri ndani ya bahasha zilizogundishwa.

"Bahasha sizigusi," aliapa. "Ni za dharura tu."

Wiki hiyohiyo aliwafukuza kazi wanawake wawili waliomteta kwenye ujumbe wa simu. Alipoulizwa amejuaje, alisema kuna mdukuzi amemtumia maneno yale.

Wenzao walilia. Somoe, mbanguaji mwenzao, hakulia. Kesho yake alimkabidhi Chilumba simu na bahasha kwa mikono miwili.

"Wewe ndiye baba yetu, bosi," alimwambia. "Bila wewe tungeibiwa hata usingizi."

Chilumba alivimba kwa sifa.

Ijumaa ya wiki iliyofuata mwenye kiwanda, Bi Zaituni, alikuja kukagua. Chilumba alimwonyesha kabati lake kwa majivuno.

"Na wafanyakazi wanafuata utaratibu?" mama yule aliuliza.

"Tunafuata, mama," Somoe alidakia. "Mimi nimeandika namba yangu sahihi kabisa."

"Mwongo mkubwa huyu!" Chilumba alifoka. "Namba yake haifungui! Nimeijaribu wiki nzima!"

Wabanguaji wote waliacha kazi wakamtazama.

"Kweli haifungui," Somoe alisema taratibu. "Niliiandika ya uongo, mama, nipate kujua mdukuzi wetu ni nani."

Bi Zaituni alinyoosha mkono. "Chilumba, nipe funguo. Za kabati na za ofisi."