Injini Haili Peke Yake

Injini haili peke yake.

Ndivyo nilivyosema jana kwenye kikao cha timu, mlipotaka kila kizuri apewe mshambuliaji mpya: viatu vipya, mayai asubuhi, godoro nene, huku golikipa wetu akidaka na soksi mikononi. Mkacheka. Mkadhani Bibi Nakazaeli uzee umemwingia, ameleta gereji uwanjani. Kisha mkauliza maneno hayo yametoka wapi. Hayakutoka kwa wahenga, wajukuu zangu, maana wahenga hawakuwa na turbo. Yalizaliwa hapa hapa Usangi, nyumba ya pili kutoka kwangu, na mimi nilikuwepo. Yalianza hivi.

Enzi hizo kila Desemba palikuwa na mashindano ya magari ya kupanda mlima, kutoka Mwanga kule chini hadi sokoni kwetu huku juu. Magari yaliondoka moja moja, na saa ndiyo iliyokuwa hakimu. Sisi Wapare tulishindana na watani wetu Wachaga. Kombe halikuwepo. Dereva aliyeshindwa alifungwa kanga kiunoni, akaliosha gari la mshindi mbele ya soko zima huku akiimba sifa zake. Na ilimpasa acheke. Ukikasirika umevunja utani, na aibu ya hapo haioshwi kwa sabuni.

Miaka yote kanga ilivaliwa na Mpare. Wa mwisho kuivaa alikuwa Mzee Mrutu, jirani yangu, mtu mzima mwenye mvi zake, aliyekuwa na Datsun kuukuu. Aliimba vizuri, akacheka na watu, hata mimi niliyekuwa nikimwonea huruma nilijikuta napiga vigelegele. Lakini tangu siku ile hakushika tena usukani. Akiombwa kuendesha, alisema macho yamechoka. Macho yake yalikuwa mazima kabisa. Kilichochoka kilikuwa moyo.

Mwanawe Togolani aliliona hilo likamchoma. Akaapa kwamba Desemba ijayo kanga itavaliwa na Mchaga, na baba yake atakuwepo kushuhudia.

Togolani alikuwa fundi wa magari, na dada yake Namkunda alikuwa fundi vilevile. Walifanya kazi gereji moja, wakigombania spana tangu asubuhi. Walipata Subaru iliyokuwa imepinduka bondeni, paa limebonyea mpaka kwenye viti. Wakainyoosha bati, wakaishusha injini, wakaitenganisha yote juu ya turubai. Togolani akaanza kuilisha. Aliifungia pistoni ngumu, pampu ya mafuta yenye msukumo mkubwa, na turbo kubwa ya kuipulizia injini hewa, iliyotoka Japani ndani ya boksi, ambayo aliibeba kifuani kama mtoto mchanga. Ilipowashwa mara ya kwanza, kuku wangu walikimbilia migombani na mimi nikacheza. Kijiji kizima kilifurahi. Tulijua mwaka huu ni wetu.

Namkunda peke yake ndiye aliyekuwa na neno.

"Kaka, na klachi je? Rejeta? Breki?"

"Hivyo bado vizima."

Sasa hapo mjue, sisi Wapare kitu hakitupwi kama bado kinapumua. Mpare atashona shati mpaka uzi uwe mwingi kuliko kitambaa. Watani hutusema kwa hilo, nasi hatukatai. Togolani angeweza kutafuta klachi mpya, lakini kuondoa kitu kizima ili aweke kingine, moyo wa Kipare ulimkatalia. Kila alichokuwa nacho kikaenda kwa injini.

Siku ya kulijaribu gari, tulijipanga kandokando ya barabara. Subaru ilikuja ikinguruma, ikafika kwenye mpando mkali, Togolani akakanyaga mafuta. Injini ikalia mpaka meno yakatuuma. Gari, wapi! Lilitambaa kidogo, likasimama, moshi wa kuungua ukatoka chini. Klachi, ambayo kazi yake ni kupokea nguvu za injini na kuzikabidhi kwa gia, ilikuwa inateleza tu. Mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani akalipita gari lile, akageuka na kusema, "Mwanangu, nikubebee?" Tulicheka mpaka tukakaa chini. Togolani hakucheka.

Wakalisukuma hadi nyumbani. Mama yao alikuwa ameshapakua makande kwenye sinia, nami nilikuwa pale kama kawaida yangu, maana makande ya nyumba ile sikuwa nikiyaacha. Togolani, kwa hasira na njaa, akaketi, akachukua kijiko na kuchimba shimo katikati kabla hata baba yake hajanawa. Mama akampiga mkononi kwa mwiko.

"Wee! Nyumba hii mkubwa haili peke yake. Ukishiba wewe na wenzako wamelegea, kesho jembe utashika na nani?"

Namkunda akasema, "Mama, mwambie na injini yake."

"Injini imefanya nini?"

"Imekula peke yake. Imepewa pistoni, imepewa turbo, imepewa pampu. Klachi na rejeta na breki ni zile zile zilizopindukia bondeni. Ina nguvu za watu kumi, na aliye chini yake kuzipokea ana njaa."

Togolani akakiweka kijiko chini. Halafu uso wake ukalainika, akasogeza sinia katikati.

"Basi nimeelewa," akasema. "Injini haili peke yake."

Mzee Mrutu akacheka. Tulikuwa hatujamsikia akicheka hivyo kwa muda mrefu, na mkewe akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Wiki ile ile akaja mtani, Ndekirwa, muuza spea wa Moshi na mshindi wa mwaka uliopita, kutuchungulia. Alikuja na kanga mpya begani.

"Togolani, nimekuja kupima kiuno."

"Pima chako, mtani. Hii turbo kubwa unaitaka?"

Macho ya Ndekirwa yaling'aa. Wakabadilishana: Ndekirwa akaichukua turbo, akaleta klachi nzito, rejeta pana ya kupoza injini, breki mpya na turbo ndogo. Togolani ni muungwana, hakumficha kitu. Alimwambia, "Lakini mtani, injini haili peke yake."

"Hizo ni methali za mabahili," Ndekirwa akajibu, akaondoka akipiga mluzi.

Siku ikafika. Ndekirwa aliondoka mbele, na gari lake lilivuma kama helikopta, hata sisi tuliokuwa sokoni tukalisikia. Nikasema moyoni, tumekwisha. Subaru yetu ikafuata, sauti yake ya wastani, lakini kila alichokanyaga Togolani kilifika kwenye magurudumu. Kona moja baada ya nyingine alipunguza mwendo na kuikamata vizuri. Alipofika kwenye mpando mkali, alimkuta Ndekirwa kando ya barabara, boneti wazi, rejeta ikichemka kama chungu cha makande. Akampungia mkono, akapita. Alipoingia sokoni na saa ikatangazwa, Usangi ililipuka. Watu walikumbatiana na watu waliokuwa na kesi nao mahakamani! Mimi sauti ilikauka siku tatu.

Makande yalikuwa tayari, masinia kwa masinia. Lakini mama yake Togolani akasimama mbele yake na mwiko.

"Hakuna kula. Mtani wetu yuko wapi?"

"Amekwama kule chini, mama."

"Na wewe umeshinda uje ushibe peke yako?"

Togolani akachukua kamba. Ndipo Mzee Mrutu akanyoosha mkono, akasema, "Nipe funguo." Akaketi kwenye usukani wa ile Subaru, akashuka mlima, na tulipomwona akirudi, akimvuta Ndekirwa polepole, kona kwa kona, huku amekaa wima kama kijana, nililia kwa furaha, na sikuona haya.

Ndekirwa alikula kwanza. Tena alikula sana. Ndipo akajifunga ile kanga mpya aliyoinunua mwenyewe, akaiosha Subaru kuanzia taa hadi matairi, na hakuimba sifa za Togolani wala za turbo. Aliimba maneno aliyoyacheka, na Wachaga wote wakampokea, nasi tukapokea kwao, mpaka yakashuka nao Moshi na kuenea kote yalikoenea:

Injini haili peke yake.