Mkamua Miwa na Ndoo Yake

Ndugu zangu, kuna jambo nimelifikiria miaka mingi bila kulipatia jibu: mwanamke anayejua kuwa ni mzima aliwezaje kunyamaza miaka tisa?

Mumewe alikuwa akikamua miwa sokoni. Wanawake wenzake wote walishaitwa Mama Fulani. Yeye, kwa kuwa hakuwa na mtoto, bado aliitwa "bibi harusi". Kila walipomwita hivyo, alitabasamu, akainama kuokota kitu ambacho hakikuanguka.

Hospitali walimpima wakasema hana kasoro. Aliikunja ile karatasi, akaiweka chini ya kanga zake. Mama mkwe akazidi kumnywesha mizizi, hadi siku alipochoka, akamposea mwanawe mke wa pili.

Baba wa binti akasema, "Sawa, lakini bwana harusi apimwe kwanza."

"Mpimeni tu!" mama wa mume akacheka. "Mnaiona mikono yake? Anakamua muwa kama anakamua nguo!"

Akapimwa. Mtaalamu wa maabara akamketisha. "Kaka, manii yako hayana mbegu. Tena kuna sukari ambayo mwili huitia humo. Kwako haimo kabisa. Huenda njia zimeziba."

"Sukari? Mimi ninayeshinda na miwa kutwa?"

"Juisi isipotoka kwenye mashine yako, unafanyaje?"

"Naifungua, natazama palipoziba."

"Huigombezi ndoo inayokinga juisi?"

Yule bwana alimkumbuka mkewe, na vikombe vyote vya mizizi alivyomtazama akinywa.

Je, sisi tumeigombeza ndoo mara ngapi? Nani nyumbani kwetu anameza dawa ya ugonjwa usio wake? Simlaumu yule mama. Naye alitamani mjukuu. Alikuwa na kanga ya kumbebea, mpya, haijafuliwa hata mara moja. Lakini hamu yetu, hata iwe ya haki, inaweza kumkandamiza mtu asiye na kosa. Tujikague sisi kwanza, tena mapema, maana njia iliyoziba wakati mwingine huzibuliwa.

Majibu yalipofika nyumbani, familia ikakaa tena. Wakaamua posa ivunjwe, mume apelekwe kwa daktari bingwa, na lile jina la "bibi harusi" lisitajwe tena. Aliyekwenda kuvunja posa ni mama mkwe, kwa mdomo wake mwenyewe. Aliporudi alipiga hodi kwa mkwewe, akamwita kwa jina alilopewa na wazazi wake.