Fisi Alipotunga Sheria ya Mbwa

Paukwa.

– Pakawa.

Pakawa nini?

– Pakawa kijiji.

Kijiji kina nini?

– Kina sheria.

Na sheria ina mwenyewe?

– Hatujaambiwa.

Basi kaeni, mtaambiwa, na mkishaambiwa mtakuwa mmepotea zaidi kuliko sasa.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanahudhuria mikutano, palikuwa na kijiji ambacho Mtendaji wake alikuwa Fisi. Cheo alikipataje? Wengine wanasema alichaguliwa. Wengine wanasema alikuwepo tu, watu wakazoea.

Kijiji kile kilikuwa na desturi. Mtendaji akitamka sheria, ndege Hondohondo, mpiga mbiu, anapuliza pembe, puuuu, na wanyama wanajibu, "Tumesikia." Neno likishapigiwa pembe halifutwi wala halipunguzwi. Likiwa baya, unaongeza jingine juu yake. Ndiyo maana sheria za pale zilikuwa ndefu kuliko shingo ya Twiga na zimepinda kuliko njia ya ng'ombe.

Sasa Fisi akaamka na hamu ya nyama ya mbwa. Mnyama mwingine angekwenda kuwinda. Fisi alikuwa kiongozi, akaitisha mkutano.

"Ndugu wananchi," alisema huku akitafuna mfupa, kacha kacha kacha, "mbwa wanazurura. Wanabweka ovyo, wanafukua ovyo. Mbwa asiye na mwenyewe ni hatari kwa jamii. Tangu leo kila mbwa awe na mwenyewe. Asiye na mwenyewe ataletwa kwa Mtendaji kwa matunzo. Piga pembe."

Puuuu.

"Tumesikia."

"Mmeelewa?"

"Tumesikia."

Kijijini pale palikuwa na mbwa mmoja tu. Aliitwa Mbwa, kwani hapakuwa na wa kumchanganya naye. Mwenyewe wake alikuwa mfinyanzi, akahama mwaka wa njaa, akaacha nyuma chungu chenye ufa na Mbwa. Chungu alirudi kukichukua.

Mbwa akakamatwa, akaletwa barazani, mkia ameufyata.

"Mwenyewe wako yuko wapi?" Fisi aliuliza.

"Alihama, Mheshimiwa."

"Basi huna."

"Ninaye, ila yuko mbali."

"Aliye mbali hayupo. Una neno?"

Mbwa alifikiri. "Hayo matunzo, Mheshimiwa, ni ya namna gani?"

"Ya ndani," alisema Fisi, akameza mate.

Mbwa akaanza kutetemeka, miguu hadi masikio. Na masikio yalipotetemeka, mtu akaamka huko ndani.

"Nani anatikisa nyumba?" ilisema sauti nyembamba. "Wazee tumelala."

Baraza zima likatazama huku na huku. Fisi akatazama chini ya kiti chake.

"Nani anasema?"

"Mimi, Bibi Kiroboto. Niko huku sikioni. Mnamtafuta mwenye mbwa? Ndiye mimi."

Fisi alicheka, hii hii hii, mpaka mfupa ukamponyoka. "Kiroboto amfuge mbwa? Bibi, wewe hata punje ya mtama inakuzidi kimo."

"Sheria ilitaja kimo?"

Fisi akamtazama Hondohondo. Hondohondo akatikisa kichwa, kimo hakikutajwa.

"Haya," alisema Fisi. "Sheria inaongezwa. Mwenye mbwa ni yule ambaye mbwa humtii. Asiyetiiwa si mwenyewe. Piga pembe."

Puuuu.

"Tumesikia."

"Sasa, Bibi, tuone. Mwambie aketi."

"Vumilia, mjukuu wangu," Kiroboto alimnong'oneza Mbwa, kisha akapaza sauti: "Keti." Akaruka hadi nyongani, akamuuma, nyang'! Mbwa akaketi.

"Nyanyua mguu." Akamuuma shingoni. Mbwa akanyanyua mguu wa nyuma, kwaru kwaru kwaru.

"Gaagaa." Mbwa akagaagaa, vumbi likatimka hadi kwa wazee wa mbele.

Wanyama wakaguna. Walikuwa hawajawahi kuona mbwa mtiifu vile. Mbuzi mmoja alisema mwanawe wa kumzaa hamtii hata nusu ya hapo.

Fisi akakuna kichwa. "Na kamba iko wapi? Mbwa lazima awe na kamba."

"Ya kazi gani, Mheshimiwa?"

"Mwenyewe na mbwa wake wasiachane."

"Mimi nalala sikioni mwake, nimezaa humo, nimezika humo. Wewe na mkeo mko karibu kiasi hicho?"

Mke wa Fisi, aliyekaa mbele, akatazama pembeni. Fisi akajifanya hakusikia, jambo ambalo viongozi hulijua vizuri. Lakini tumbo lake lilisikia, likanguruma, nguruu. Mbwa alikuwa anamponyoka hivi hivi, kisheria.

Hapo Kiroboto akalainisha sauti.

"Nakuonea huruma, Mheshimiwa. Sheria nzuri namna hii, kelele zote hizi, kumbe ni ya mbwa mmoja mkondefu. Tazama Mbweha yule pale nyuma, alivyonona. Ana miguu minne, ana mkia, ana meno, anaguguna mifupa. Mbwa kasoro nini?"

Mbweha, aliyekuja kutazama tu matatizo ya wenzake, akaacha kutabasamu. "Bibi, mimi nimekukosea nini?"

"Nyamaza, mwanangu, wakubwa wanatunga sheria."

Fisi akamtazama Mbweha kuanzia pua hadi mkia. Ute ukamdondoka, to, to, to. Akasimama upesi, asije mtu akamshauri.

"Sheria inaongezwa. Tangu sasa mbwa ni yeyote mwenye miguu minne, mkia na meno, anayeguguna mifupa. Awe nani, atoke wapi, ni mbwa. Piga pembe."

Hondohondo akasita. "Mheshimiwa, labda tungetafakari kidogo..."

"Piga pembe."

Puuuu.

"Tumesikia."

Fisi akaketi ameridhika, akauokota mfupa wake, akautia kinywani. Kacha kacha kacha.

"Mheshimiwa," alisema Kiroboto, "huo ni mfupa?"

"Ni mfupa."

"Miguu yako mingapi?"

Fisi akaacha kutafuna. Akaitazama miguu yake, mmoja mmoja, kama mtu anayetumaini kukuta pungufu. Akageuka kuutazama mkia. Ulikuwepo.

"Mimi ni Mtendaji," alisema polepole.

"Awe nani, ulisema."

"Naam, nilisema. Basi mwenyewe wangu ni mimi. Najifuga."

"Unajitii?"

"Vipi tena?"

"Mwenye mbwa ni yule ambaye mbwa humtii. Jiamuru uache huo mfupa."

Fisi akakohoa, akakaa wima. "Fisi," alijiambia kwa sauti ya kazi, "acha mfupa."

Kacha.

"Fisi, nasema acha."

Kacha kacha.

"Fisi, hili ni onyo la mwisho."

Kacha kacha kacha, na mfupa ukaisha.

"Hajitii," alisema mke wake, ambaye hakuulizwa. "Na si leo tu."

"Basi hana mwenyewe," alisema Kiroboto. "Na mbwa asiye na mwenyewe huletwa kwa Mtendaji kwa matunzo. Ya ndani. Mheshimiwa, utaanzia wapi? Mkia ndio laini."

Fisi akaushika mkia wake kwa meno, kwa sababu sheria ni sheria. Ukamuuma. Akauachia. Akauzunguka, ukamkimbia, akaufukuza, akajikuta amejipita. "Ngojeni," alisema, "anayekula ni mimi, na anayeliwa... Hondohondo, mimi ni nani hapa?"

"Mheshimiwa, mimi ni wa pembe tu."

"Jamani, nani atakuwa mwenyewe wangu?"

Wanyama wakatazama mawingu. Kila mmoja alikumbuka kazi aliyoiacha nyumbani. Fisi akapiga magoti mbele ya Mbwa, uso kwa sikio.

"Bibi. Nifuge."

"Kufuga ni wajibu mkubwa, Mheshimiwa. Kulisha, kutunza, kujibu makosa ya mnyama. Nitakubali. Ila huyu Mbwa nawaachia wajukuu, na mbwa wangu hakai na mbwa wa watu barazani. Mfungue Mbwa, na Mbweha umwache."

"Wamefunguliwa. Piga pembe."

Puuuu.

Kiroboto akawaaga wajukuu zake sikioni mwa Mbwa, akawausia wamwongoze vizuri, akaruka, pwi, hadi kwenye shingo ya Fisi. "Keti," alisema. Akauma. Fisi akaketi, mbele ya mkewe na kijiji kizima.

Mbweha hakwenda nyumbani. Alisogea karibu na Mbwa, akanong'ona, "Ndugu yangu, sheria bado ipo. Huna kiroboto mmoja wa kuniazima?"

Mbwa akamwazima. Chui akaja usiku kwa aibu, akasema ni kwa ajili ya rafiki. Hadi leo mkimwona mbwa anajikuna, msidhani anawashwa. Anaonyesha kwamba ana mwenyewe, na mwenyewe yupo nyumbani.

Fundisho lake, wanangu, ni hili: mwenye mbwa amfunge mbwa wake kamba, amwogeshe kwa dawa, amtoe viroboto wote, asibaki hata mmoja. Ndivyo sheria inavyotaka. Mbwa mwenyewe msimuulize, atawachanganya.

Hadithi yangu ndiyo hiyo. Ukiipenda ifuge, ikikuchosha ifungulie iende zake, na ikimng'ata jirani, mimi simo.