Kimya cha Lubaba

Wametusimulia waliotutangulia, na Mjuzi wa yote ni Mwenyezi Mungu, kwamba katika mji wa Wadi Sumra aliishi mcha Mungu mmoja aitwaye Shuaibu bin Muthanna. Kazi yake ilikuwa kutengeneza ngozi, na mikono yake ilinuka ngozi hata siku ya Idi. Lakini kadhi wa mji alimwita kutoa ushahidi zaidi kuliko alivyowaita matajiri, kwa sababu Shuaibu hakushuhudia asilolijua. Siku moja aliulizwa kama jirani yake alihudhuria sala ya Ijumaa. Akajibu, "Viatu vyake niliviona mlangoni. Yeye mwenyewe sikumwona." Watu wakacheka, kadhi akaandika.

Shuaibu alikuwa na binti mmoja, Lubaba, aliyefiwa na mama angali mchanga. Aliyemlea ni shangazi yake, Bi Nusaiba, mwanamke mwenye swaumu nyingi na maneno mengi zaidi ya swaumu. Lubaba alipofikia umri wa kuolewa, alikuja kumposa Mundhir, mtia rangi nguo, kijana mpole, mwenye dini, asiye na ila hata ukimtafutia.

Nanyi mnajua, ndugu zangu, desturi tuliyoirithi. Mwanamwali huulizwa, na kwa sababu ya haya zake hakalifishwi kutamka. Akinyamaza, ameridhia. Ni rehema kubwa hiyo kwa mwenye haya. Basi Shuaibu akasimama kwenye kizingiti cha jiko, binti yake akikanda unga, akamwita.

"Lubaba."

"Labeka, baba."

"Mundhir bin Asim amekuja kukuposa. Wasemaje?"

Lubaba akanyamaza. Mikono yake ikaendelea kukanda. Shuaibu akasema, "Alhamdulillahi," akageuka aende zake. Lakini alipofika uani akasimama. Ule unga ulikuwa umekwisha kukandwa tangu hajaja, na binti bado anaukanda. Ana nini? Akajiambia labda ni haya. Akajiambia tena labda siyo. Moyo ukamwingia wasiwasi, akaenda kwa dada yake.

"Dada, nimemuuliza, amenyamaza."

"Sasa ulitaka akuimbie?" akasema Bi Nusaiba. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Kanyamaza, karidhia, kamtafute kadhi."

"Hebu nenda ukamtazame usoni."

Bi Nusaiba akaenda, akarudi. "Analia," akasema.

"Anakataa?"

"We kaka nawe! Mwari gani asiyelia? Mimi nilisikia kwa wanawake wa zamani kwamba chozi la furaha ni baridi na chozi la huzuni ni moto."

"Na lake?"

Bi Nusaiba akajitazama kidole alichomgusia mwanamwali shavuni, akafikiri kidogo. "Vuguvugu," akasema.

Subhanallah! Mtu afanye nini na chozi vuguvugu? Na hayakuishia hapo, kwani Bi Nusaiba akaongeza kuwa alipomgusa, yule binti alicheka. Kicheko nacho ni dalili ya ridhaa, wanasema. Lakini alicheka kwa Mundhir au kwa kidole cha shangazi? Maskini Shuaibu! Siku tisa zilizobaki kabla ya ndoa alikuwa mtu wa kupotea njia ya msikitini. Binti akiweka chakula kwa nguvu, anakataa. Akikiweka taratibu, ameridhia. Akikohoa, baba anaacha kula. Alisali rakaa akasahau ni ya ngapi, akaanza upya, akasahau tena. Kurudi kumuuliza aliona aibu, kwa kuwa watu wangesema Shuaibu anamlazimisha mwanamwali kuvunja haya zake. Huku Bi Nusaiba amekwisha kualika mtaa mzima.

Ijumaa baada ya sala ya alasiri watu wakajaa uani. Mundhir akaketi mbele ya kadhi, amevaa kanzu mpya, vidole vyake vina rangi ya nili isiyotoka. Kadhi akamgeukia Shuaibu.

"Ewe Shuaibu, binti yako ameridhia?"

Hapo ndipo penye mtihani. Neno lilikuwa moja tu, na dini ilikuwa imempa ruhusa ya kulisema, maana binti amenyamaza kweli. Akilisema, pilau inapakuliwa. Asipolisema, anaaibika mbele ya mji na anamwaibisha mwana wa watu.

"Sijui," akasema Shuaibu.

Watu wakaguna. Kadhi akasema, "Hakunyamaza?"

"Alinyamaza. Kimya chake nilikisikia. Kilichomo ndani yake sikukisikia."

Bi Nusaiba, nyuma ya pazia, akajipiga kifua akasema ndugu yake amerogwa. Mundhir uso ulimwiva, kwani alimpenda yule binti na kila mtu alikuwa akimtazama yeye. Lakini alisema kwa adabu, "Baba, nenda kamuulize tena. Mimi nitangoja hapa hapa."

Shuaibu akaingia ndani. Safari hii hakusimama kizingitini. Aliketi chini mkekani, goti lake likagusana na goti la mwanawe, akamwambia, "Mwanangu, baba yako hajui kusoma kimya chako. Nimeshindwa. Nisaidie."

Lubaba akainamisha kichwa. Kisha akasema, sauti haikupanda, "Baba, shangazi alinifundisha kunyamaza nikikubali. Nikikataa nifanye nini, hakunifundisha. Nikabaki nimenyamaza."

Shuaibu akalia. "Sasa unakataa?"

"Nakataa, baba. Ni mtu mwema. Lakini moyo wangu haupo kwake."

Shuaibu akatoka, akayasema yale yale mbele ya watu, bila kupunguza wala kuongeza. Mundhir alikaa, machozi yanamlenga, halafu akainuka akaushika mkono wa mzee ule unaonuka ngozi, akaubusu. "Mwenyezi Mungu amlipe kheri binti yako," akasema. "Angeninyamazia maisha yetu yote, nami ningekufa nikidhani nimeishi na mtu aliyeridhika." Kisha akavua kanzu yake mpya, akabaki na ya ndani, akawasaidia wapishi kupakua.

Ndugu zangu, dini haikukosea kumpa mwenye haya njia ya kukubali bila kutamka. Tuliokosea ni sisi, tuliomfungia njia nyingine zote, kisha tukasimama mlangoni na kuita ukimya wake ridhaa. Neno halikai ulimini peke yake, linataka na sikio la kulipokea, na sikio linataka mtu aliyekaa karibu.

Nami mwenye kuwasimulia haya nimewaoza mabinti watatu. Wote niliwauliza nikiwa nimesimama kizingitini, na wote walinyamaza. Nikatoka nje nikasema mbele ya kadhi, kwa sauti kubwa, kwamba wameridhia.